Shajara ya mradi: kuhesabu watu ambao bado hawajahamia mtaani kwetu

Naandika haya kwa wenzangu wa kamati za mitaa mingine wanaotaka kujaribu kitu kama hiki, ili wasirudie makosa yetu, watafute ya kwao. Mtaa siutaji, ila uko Dar, kule kati ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Bagamoyo, sehemu ambayo juzi juzi tu ilikuwa mikorosho na mihogo na sasa ukiamka asubuhi unakuta jirani mpya kamwaga tripu ya mchanga katikati ya njia. Mi nina duka la hadwea pale kona, ni mjumbe wa kamati, sijasomea mipango miji hata kidogo. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha.

14 Januari 2023: tumeanzaje

Kilichotuanzisha ni boza. Mwaka jana mwishoni, Mto Ruvu uliposhuka na mji mzima ukaingia kwenye mgao wa maji, huku kwetu tulikuwa tunaishi kwa maboza. Siku moja boza moja likaingia kichochoro cha nyuma ya msikiti likakwama katikati ya kuta mbili, mbele haliendi, nyuma haliendi, dereva katoka kwa dirishani maana mlango haufunguki. Likakaa pale kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni, mwishowe mwenye ukuta akakubali kuvunja kozi nne za tofali. Watu wamejaa na ndoo zao wanachota humo humo, afu mwenyekiti akauliza tu kama utani, hivi huku tupo wangapi? Mmoja akasema elfu tatu, mwingine elfu kumi. Hamna aliyekuwa anajua.

Kwahiyo kamati ikakubaliana tutafute majibu matatu: tupo wangapi, tutakuwa wangapi mtaa ukijaa, na hao wote watapita wapi, watachota wapi, watoto watasoma wapi. Bajeti ni laki 6, michango ya wajumbe na wenye maduka. Muda tuliojipa miezi mitatu (msicheke).

4 Februari 2023: hesabu ya kwanza, mbovu

Tulianza na njia ya mkato, kuhesabu mapaa kwenye picha za satelaiti. Kuna kijana wa mtaani anasoma Chuo Kikuu Ardhi akatuonesha kwamba ramani za Dar zipo bure kwenye OpenStreetMap, nyingi zilichorwa na wanafunzi na wananchi kwenye mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, na Google nao wana data ya Open Buildings yenye umbo la kila jengo, inapakuliwa bure. Tukaingiza kwenye programu ya ramani inaitwa QGIS, nayo bure, tukachora mpaka wa mtaa, kompyuta ikatoa mapaa 1,412. Dakika arobaini, kazi kwisha.

Sensa ya 2022 inasema wastani wa kaya Tanzania ni watu 4.3. Nikazidisha, 6,072. Nikaandika ubaoni pale ofisini kwa maka peni nyekundu na kupiga mstari chini mara mbili. Nilijisikia msomi.

26 Februari 2023: tukaenda kuona kwa macho

Yule kijana ndo alisema kabla hamjashangilia chukueni mapaa 60 bila kuchagua mkayaangalie. Tukaenda watatu na karatasi.

Paa la kwanza, banda la kuku. La pili nyumba kweli, mzee na mkewe na mbwa wawili, wanakaa wenyewe kwenye vyumba vitano. La tatu lilikuwa refu jembamba, tukaingia uani: vyumba nane, kila mlango na jiko lake la mkaa na ndoo zake zimeandikwa majina kwa rangi, kaya saba na chumba kimoja anakaa fundi cherehani na mashine yake. Choo kimoja. Dada aliyekuwa anafua akatuambia "mkiandika andikeni na kwamba maji hapa tunanunua ndoo mia tatu". La nne turubai la kanisa. La tano hakuna mtu, stoo ya mbao. Afu tulipokuwa tunatoka tukaona moshi kwenye pagala halina hata paa, tumepita pale mara mia, kumbe ndani kuna mlinzi kajiezekea chumba kimoja na vipande vya bati chakavu, anaishi na mke na watoto watatu. Kwenye satelaiti huyo hayupo kabisa.

Tukakubaliana tuhesabu mtaa mzima, mlango kwa mlango.

2 Aprili 2023: hesabu ya pili

Wikiendi nne, vijana 8, posho elfu 10 kwa siku kwa kila mmoja, hiyo ni 640,000. Bando la simu 160,000. Fomu za kujaza kwenye simu tulitengeneza kwenye KoboToolbox, haina gharama. Bajeti imeshapitwa na ndo kwanza tupo hatua ya kwanza.

Kosa kubwa la wiki ya kwanza: tuliwavalisha vijana viakisi mwanga vya njano vya duka langu ili waonekane rasmi. Waliondoka wakaonekana kama watu wa bomoabomoa. Huku kuna familia zilihamia baada ya kubomolewa nyumba kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, Kimara mpaka Kiluvya, sasa wewe mtu wa hivyo unamtokea mlangoni na kiakisi mwanga na simu unaanza kumuuliza nyumba ina vyumba vingapi, atakujibu nini? Mama mmoja alituambia pale hakuna nyumba. Amesimama mlangoni. Wiki ya pili tukavua, tukaongozana na balozi wa kila eneo, na swali la kwanza tukabadilisha likawa la maji badala ya vyumba. Milango ikafunguka. Zile nyumba za wiki ya kwanza tukarudia zote.

Majibu: nyumba zinazokaliwa 1,009, kaya 1,630, watu 5,868. Kaya za wapangaji ni 870, zaidi ya nusu.

Sasa angalia. Njia ya mkato ilitoa 6,072 na kuhesabu kweli kumetoa 5,868. Tofauti watu mia mbili tu! Kuna mjumbe alitaka kulia kwa ile laki nane. Ila ukiangalia vizuri ile ya kwanza ilipatia kwa bahati, ilihesabu mabanda ya kuku kama familia na ikahesabu uani kwenye kaya saba kama kaya moja, makosa mawili yakabebana. Jumla ikakaa sawa, sehemu ikawa sio. Juu kwenye mageti watu ni wachache kuliko tulivyodhani, bondeni kwa wapangaji ni mara mbili. Na kioski cha maji tulikuwa tumeshakipangia kule juu, tumeshamwambia mpaka mwenye eneo. Tukaenda kuomba radhi.

20 Mei 2023: tutakuwa wangapi

Hapa ndo palituchosha kichwa. Njia ya kwanza kila mtu anaijua, unachukua kasi ya ongezeko ya mkoa unaipeleka mbele. Dar ilikuwa na watu milioni 2.49 mwaka 2002, 4.36 mwaka 2012, na 5.38 mwaka 2022. Kati ya sensa mbili za kwanza ilikuwa inakua asilimia 5.6 kwa mwaka, kati ya hizi mbili za mwisho asilimia 2.1. Kuna hesabu ya haraka, gawa 70 kwa kasi upate miaka ya kuongezeka mara mbili. Kwa 5.6 ni miaka 12 na nusu. Kwa 2.1 ni miaka 33. Sasa unapanga shule kwa miaka 12 au 33? Na zote mbili ni kasi ya mkoa mzima, imechanganya Kariakoo ambako nyumba za kukaa zinageuka maduka na magodauni, na huku kwetu ambako watu wa Kariakoo ndo wanahamia.

Jibu lilitoka dukani kwangu. Nimekaa kwenye ile kaunta miaka tisa, najua mtu akinunua nondo na binding waya maana yake msingi, akirudi mwaka wa pili au wa nne anataka bati na misumari ya bati, baada ya bati miezi sita anahamia hata kama hakuna madirisha, anaziba na turubai. Yaani watu wanaokuja wameshaacha alama mtaani kabla hawajafika, wewe hesabu alama zao tu. Tukatoka tena, safari hii siku mbili zilitosha, tukahesabu:

mapagala 214
misingi 133
viwanja vitupu vilivyokwisha katwa 380
mashamba makubwa ambayo hayajakatwa, saba, jumla heka 31

Heka moja ina mita za mraba 4,047. Huku madalali wanakata 20 kwa 20, yaani 400, kwahiyo heka inatoa viwanja 10 ukiwa huna aibu na 8 ukiacha njia. Tukachukua 8, mashamba yakatoa 248. Jumla ya nyumba zinazokuja: 975. Zilizopo ni 1,009. Mtaa una nafasi ya kuwa mara mbili, na kila nyumba saivi ina wastani wa watu 5.8, kwahiyo mtaa ukijaa ni watu kama 11,500.

Lini? Tukafungua picha za zamani za Google Earth, 2018 tukahesabu mapaa 1,030, sasa 1,412, ni 76 kwa mwaka. Ukitoa mabanda ya kuku na makanisa kwa uwiano ule ule tuliouona, nyumba za watu ni kama 55 kwa mwaka. Miaka 17 au 18 mtaa umejaa. Siyo 12, siyo 33. Inaweza kuwahi, maana lami ya Tangi Bovu, Goba mpaka Mbezi imeshaleta watu na stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis nayo inavuta, lakini angalau sasa tunabishana kuhusu kitu tulichohesabu wenyewe.

Watoto wa umri wa msingi tuliwapata 1,090. Kwa watoto 45 darasani ni vyumba 25, mtaa ukijaa karibu 50. Shule tunayotumia iko mtaa wa jirani na imeshajaa. Eneo la shule huku kwetu hakuna hata moja.

8 Julai 2023: fito

Njia. Tungeweza kupima kwa futi lakini futi inaleta ugomvi, mtu akiona unasoma namba anajua unamwandikia. Fundi mmoja akaleta wazo, tukakata fito mbili za mwanzi, mmoja mita 4 mwingine mita 6, tukazifunga kitambaa chekundu kwenye ncha. Watu wawili wanaubeba ufito umelala, wanatembea nao kichochoro kizima. Ukipita bila kugusa ukuta, njia imefaulu. Ukikwaruza, imefeli, na kila mtu kaona, hakuna wa kubishana naye.

Watoto wakawa nyuma yetu kama harusi. Bibi mmoja anauza vitumbua akauliza, mnapima jeneza? Tukacheka, yeye hakucheka, akasema mumewe alitolewa ndani kwa kupitishwa juu ya ukuta wa jirani.

Vichochoro 41. Mita 6 ulipita kwenye 9. Mita 4 kwenye 17 vingine. Vilivyobaki 15 vyote vilifeli, na nyuma ya hivyo 15 kuna kaya 388 ambazo gari la zimamoto haliwezi kufika, boza haliwezi, gari la kunyonya choo haliwezi, wanatumia vijana wa kutapisha vyoo usiku. Nafuu kuliko kote kwenye mradi huu: mianzi 8,000, kitambaa bure.

Wengine kwenye kamati walitaka vyote vifike mita 6. Mi nilipinga na bado napinga. Ukidai mita 6 kwa kila mtu unapigana na watu 400 na mwisho hupati hata njia moja. Tukachagua 7 tu, zile ambazo zikifunguka hakuna nyumba itakuwa mbali na gari zaidi ya mita 60, urefu wa mpira wa kunyonyea choo tuliokuta wanautumia. Zilizobaki zitabaki za miguu na bodaboda, hakuna shida.

16 Septemba 2023: ramani ukutani, kosa la mwaka

Hili nataka mlisome mara mbili. Tulipomaliza tukachapa ramani kubwa, A0, elfu 45, tukabandika ukuta wa nje wa ofisi ili wananchi wote waone, uwazi si ndo mambo. Njia 7 kwa nyekundu, eneo la kioski kwa bluu, na kwenye shamba moja la heka 4, kubwa, tambarare, katikati kabisa ya mtaa, tukaweka rangi ya kijani tukaandika PENDEKEZO LA SHULE.

Wiki mbili baadaye mteja akaja dukani kuulizia tofali za msingi, namuuliza kiwanja kiko wapi, ananionesha simu, tangazo la dalali na picha ya ramani yetu: "viwanja vinauzwa, vinagusa barabara ya mita 6, jirani na shule mpya". Na chini kuna kingine, cha ndani ya shamba lenyewe la kijani. Mwenye shamba alisikia serikali inakuja kuchukua eneo, hakuna aliyewahi kwenda kuongea naye, akaona bora auze haraka. Hakukosea, nami ningefanya hivyo hivyo. Kabla hatujamfikia vilikuwa vimeshatoka viwanja 6.

Ramani tukaibandua siku hiyo hiyo, lakini picha zimeshasambaa. Utaratibu wetu kuanzia hapo ni kwamba kitu chochote kinachogusa ardhi ya mtu hakiwekwi kwenye ramani mpaka mwenyewe kakubali kwa maandishi, kwenye mkutano wa kwanza zinaenda namba tu, mangapi yanahitajika, na wapi linafuata baadaye.

Kosa la pili la mwezi huo huo, mkutano wa hadhara tuliita "wenye viwanja". Wakaja 130, wapangaji wanne. Kumbe wapangaji ndo kaya nyingi na wao ndo wanabeba ndoo. Tukaita wa pili Jumapili saa kumi na moja jioni, uani kwenye ile nyumba ya vyumba nane, na pale ndo tukajua kisima cha watu wengi zaidi mtaani hakikuwa hata kwenye orodha yetu. Wakauliza swali gumu pia, njia zikifunguka na maji yakija kodi si itapanda? Itapanda. Sikuwa na jibu la kuwapa na sikutaka kudanganya.

9 Desemba 2023: mvua

Mvua za El Niño zimetusahihishia ramani. Korongo lililokuwa linaonekana kama kijinjia cha mchanga limefunguka mita nane, limechukua choo kimoja na ukuta mmoja, watu salama. Njia mbili kati ya zile 7 zilikuwa zinapita humo humo. Picha zetu za satelaiti zote zilikuwa za kiangazi.

Tukazunguka na mama mmoja aliyekuwa analima huku tangu zamani, akatuonesha maji yanapopita kwa kufuata mikorosho iliyobaki, maana walipanda kandokando ya mkondo. Viwanja vitupu na misingi 23 viko ndani ya mkondo. Tumevitoa kwenye hesabu, zinabaki nyumba 952 zinazokuja, na njia mbili tumezihamisha. Wenye hivyo 23 wana karatasi za kununulia kama mimi na wewe, na kuna wawili wameendelea kujenga.

17 Machi 2024: kampuni

Ili mpango ushike kisheria lazima uingie kwenye mchoro wa urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, uidhinishwe, bikoni (mawe ya mipaka) ziwekwe, watu wapate hati. Tuliwachangisha wananchi 150,000 kwa kiwanja, wakalipa 412, milioni 61.8 kwenye akaunti yenye sahihi tatu. Tukapata kampuni ya upimaji, jina silitaji, cheti cha usajili tukakiona kabisa, tukasaini, tukatoa asilimia 40 ya kuanzia, milioni 24.72.

Wakaja, wakachora, wakaweka bikoni kwenye viwanja 131, wakaondoka Januari kwenda "kuchakata data". Simu ikawa inaita haipokelewi, halafu haipatikani. Kazi iliyofanyika tumekadiria, hasara yetu ni kama milioni 9. Nimeitwa mwizi dukani kwangu mbele ya wateja na sikuwa na cha kujibu, sahihi ni yangu.

Tuliangalia cheti, hatukuangalia kazi. Tulitakiwa tupande gari twende mtaa mmoja waliowahi kumaliza tukawaulize watu kama hati walipata. Na malipo ya kuanzia kwa asilimia ni ujinga, kwa mpima wa pili tumelipa kwa mafungu ya viwanja 50, anaweka bikoni, mwenye kiwanja na majirani zake wanasaini pale pale kwamba mpaka ndo huo, ndo fungu linatoka. Inachosha, sahihi mia mbili kwa fungu, ila pesa haijaondoka hata mara moja bila jiwe kuwa ardhini.

22 Juni 2024: ukuta wa mzee

Njia namba 3 ilikuwa inahitaji mita moja na nusu kutoka kwa mzee mmoja mstaafu, na ana ukuta mzuri wa mita 22. Tulimfuata mara tano. Mara zote anatukaribisha chai, anasikiliza, anasema nitafikiria, maana yake hapana. Mara ya sita tukaenda na yule bibi wa vitumbua. Sisi tulikaa kimya, bibi akasimulia habari ya jeneza. Mzee akanyamaza kidogo akauliza, ukuta atajenga nani?

Hilo ndo lilikuwa swali lake siku zote, sisi tulikuwa tunamhubiria maendeleo. Wakazi wa kichochoro, kaya 34, wakachanga. Tofali za inchi 6, 290 kwa 1,300, ni 377,000, nyingine 150 tulizinusuru kutoka ukuta wa zamani kwa kubomoa kwa taratibu badala ya nyundo kubwa. Sementi mifuko 15 kwa 17,000, ni 255,000, faida sikuchukua. Mchanga lori moja 200,000. Fundi na msaidizi 350,000. Jumla 1,182,000, kama elfu 35 kwa kaya. Siku tatu ukuta umesimama mita moja na nusu ndani, na wiki iliyofuata gari la kunyonya choo likaingia kwa mara ya kwanza. Watu walitoka nje kuliangalia, harufu na yote.

Tumetumia njia hiyo hiyo kwenye namba 1, 5 na 6. Namba 2 bado. Zile mbili za korongoni tumezifungulia sehemu nyingine.

15 Desemba 2024: uchaguzi

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba, tuna mwenyekiti mpya na wajumbe wapya watatu. Makabidhiano yalikuwa mhuri na daftari, hamna faili la mradi, kila kitu kilikuwa kwenye simu yangu na kompyuta ya yule kijana ambaye kahamia Dodoma kikazi. Wiki mbili nimetumia kuchapa na kupanga. Sasa kuna mafaili matatu yenye nakala, ofisini, msikitini na kanisani. Mwenyekiti mpya alikuwa na wasiwasi, nikamkabidhi ufito wa mita 6 tukaenda kutembea vichochoro viwili, aliporudi akauliza namba 2 inakwama wapi.

30 Machi 2025: shamba la kijani

Tulirudi kwa mwenye shamba, safari hii na familia nzima, watoto wake wakubwa wanne. Viwanja vimeshatoka 6, zimebaki heka kama 3 na robo. Hela ya kununua hatuna na halmashauri haina fidia ya kutoa leo. Tulichoweka mezani: wao wanaacha heka 2 za shule, sisi kupitia michango tunawapimia heka moja na robo iliyobaki bure mpaka hati, viwanja 10 badala ya vile vya hatua za miguu, na njia namba 4 inaingia mpaka mlangoni kwao. Kiwanja kilichopimwa huku kinauzwa karibu mara mbili ya kisichopimwa, hiyo hesabu watoto waliifanya wenyewe kwenye simu mbele yetu. Watatu wamesaini. Wa nne yuko Oman, anasema akija Julai ataona kwanza.

Heka 2 kwa madarasa 50 ni ndogo, najua, itabidi iwe ya ghorofa. Ile kubwa ilikuwepo Agosti 2023, ikaondoka na rangi ya kijani.

Gharama mpaka leo nje ya pesa za upimaji: kuhesabu 800,000, kuhesabu mapagala 120,000, uchapaji 210,000, fito 8,000, chai na nauli za vikao sikuandika vizuri lakini haipungui laki 3. Jumla kama milioni 1.44 na sisi tulipanga laki 6. Kuta nne za njia zimelipwa na wenye vichochoro vyao.

Aprili tunarudia kuhesabu mapagala tu, tuone katika yale 214 yameezekwa mangapi, hapo tutajua kama miaka 17 inashika au tumejidanganya. Anayetaka fomu zetu nitampa. Ufito wa mita 6 uko nyuma ya duka unaazimwa bure, ila usikatwe, ule wa kwanza kuna mtu kaenda kuangulia maembe ukarudi na mita 5.